Kibao cha Mezani kwa Bi Armelinda

Bi Armelinda hakujua kuandika zaidi ya jina lake, na hata hilo aliliandika taratibu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, kama mtu anayechonga mwiko. Hakulionea haya. Maisha yake yote alikuwa na sauti, na mwenye sauti ile kalamu ya nini? Akisimama mlangoni kwake mlimani na kuita, mumewe Fiorindo aliyekuwa chini kwenye mizabibu alisikia kwamba chakula kiko tayari, na majirani nao walisikia, wengine wakashikwa na njaa wakati si wao. Kanisani nyimbo alizianzisha yeye, padre apende asipende. Akigombana na mtu, ugomvi ulikwisha mapema, kwa kuwa yule mwingine hakusikika.

Ndiyo maana daktari wa Porto Alegre alipomwambia kwamba uvimbe umekaa kooni, palepale sauti inapotoka, na hakuna njia ila kupaondoa pote, Bi Armelinda aliuliza jambo moja tu.

"Nikitoka hapo nitasema?"

"Utapumua, bibi. Utakula polepole. Utaishi, Mungu akipenda."

"Sikukuuliza hayo."

Daktari akaitazama mikono yake mwenyewe. "Hapana," akasema. "Hutasema."

Siku ya kupasuliwa ikawekwa Jumatano. Bi Armelinda akarudi bonde la Taquari kwa basi, njia nzima kimya, kama mwenye unga kidogo anayeogopa kuupakua. Alikuwa na neno moja la kusema kabla ya Jumatano, na wa kuambiwa alikuwa mtu mmoja: mwanawe Odacir, ambaye hakuwa amesemezana naye tangu Fiorindo azikwe.

Huyo Fiorindo alikuwa mchomaji nyama wa sikukuu ya kanisa. Alfajiri alikuwa ameshachimba mtaro na kuwasha moto, na mbavu nzima za ng'ombe zimesimamishwa juu ya makaa, hazina kitu ila chumvi ya mawe. Mchana watu walipojipanga na sahani zao, hakuna aliyepewa kabla Fiorindo hajakata ncha ya ubavu wa kwanza, pale mfupa unapokwisha, ambapo mafuta hukauka yakalia mdomoni kama maganda. Ncha ile haikuuzwa, wala padre hakupewa. Fiorindo aliibeba kwenye kisu akapita nayo katikati ya watu mpaka kwa mkewe, na vijana wakapiga miluzi.

"Mwanamume huyu ataniua kwa mafuta," Bi Armelinda alikuwa akisema kila mwaka, amekunja uso. Kisha akaila yote, na vidole akavilamba.

Odacir alifundishwa moto na baba yake. Na vijana wa bonde lile wakishaujua moto na kisu huondoka. Ukila nyama choma popote Brazili, muulize mchomaji katoka wapi, atakutajia bonde lile. Odacir alikwenda mbali kuliko wenzake wote, Belém, kaskazini kabisa. Kila mwaka aliahidi kuja sikukuu. Kila mwaka sikukuu ikaangukia siku yenye kazi nyingi.

"Watu wakikaa kula, mama, mimi ndipo nasimama," alisema kwenye simu.

"Nimekuwekea kiti."

"Mwakani, mama."

Fiorindo akafa kiangazi, ghafla, wakamkuta amelala chini ya mizabibu kama mtu aliyechoka. Kwao maiti halali siku mbili. Odacir akapiga simu kwa jirani: nimepanda basi, mwambieni mama aningoje. Jirani akasema barafu itapatikana. Padre akasema yeye yuko tayari kungoja. Bi Armelinda akasema, "Zikeni." Akasingizia joto. Haikuwa joto. Ilikuwa hasira ya viti vile vyote vilivyokaa vitupu.

Odacir akafika na begi lake la kazi, nguo zinanuka moshi, akakuta saruji ya kaburi bado mbichi. Akapanda mlima akasimama mlangoni kwa mama yake.

"Umeshindwa kuningoja hata siku moja?"

"Baba yako si chakula," alimjibu, "cha kukuwekea kando mpaka utakapojisikia kuja."

Na alilisema kwa sauti yake ile. Neno liliteremka mlima mzima. Hata waliokuwa mtoni walilisikia. Odacir akageuka na begi lake. Hakuingia ndani, hakuomba hata maji.

Miaka ikapita. Kisha siku moja akaja Bi Zenaide, shoga yake tangu utoto, mwanamke mwembamba mwenye gari bovu na mdomo usiochelewa.

"Nimemwona, shoga. Karudi. Yuko kwenye hoteli ile kubwa ya nyama choma, kule barabara kuu, anapitisha nyama meza kwa meza. Amefuga tumbo na ndevu, lakini anatembea Fiorindo mtupu."

"Umemwona nani?"

"Usijitie uziwi."

"Huko sina mtu," alisema Bi Armelinda. "Na wewe nyamaza. Hasa Noeli usimwambie. Ulimi wa Noeli hauna Jumapili."

Zenaide akanyamaza kweli, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi. Mwaka mzima Bi Armelinda akajua kwamba mwanawe yuko karibu kiasi cha kwenda na kurudi kabla chungu hakijachemka, na hakwenda. Akisikia pikipiki inapanda mlima alikwenda dirishani, na ikipita alirudi, akajiambia kwamba alikwenda kutazama mvua.

Sasa lakini kulikuwa na Jumatano. Akawaita wenzake wawili, Zenaide na Noeli, wakakaa jikoni kunywa chai chungu. Kibuyu kimoja na mrija mmoja, wanapokezana. Ukishatosheka ndipo unaposema asante, na usiposema utajaziwa tena na tena.

"Jumapili nataka twende tukale nyama," Bi Armelinda akasema. Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza.

Bi Noeli, mnene, mpole, mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili, akashangaa. "Nyama? Wewe hata ugali unakukwama!"

"Nataka kuiaga sauti yangu mbele za watu. Au ulitaka niiage hapa na paka?"

Noeli akaanza kulia palepale. Akakinywa kibuyu akilia, akakirudisha kimya. Bi Armelinda akakijaza, Noeli akanywa tena akilia, akarudisha kimya.

"Sema asante, mwanamke, utapasuka!" akafoka Zenaide, na wote watatu wakacheka, Noeli na machozi yake. Lakini Zenaide alikuwa akimwangalia Bi Armelinda kwa jicho lililoelewa. "Nitakuja na gari," akasema. "Na mvae vizuri. Msinitie aibu."

Bi Armelinda alivaa gauni la buluu alilolinunulia sikukuu ya mwisho ya Fiorindo. Usiku wa kuamkia Jumapili alilala amelishika lile neno lake kama mtoto anayetumwa dukani. Alilipanga hivi: Odacir, mwanangu, ilikuwa nikungoje. Basi. Hakutaka kuongeza kitu. Alijijua, akiongeza, kiburi kitaingilia kwenye nyongeza.

Hoteli ilikuwa imejaa pomoni. Misa imekwisha, bonde zima limeshuka pale na watoto na mabibi zao. Kila mtu mezani ana kibao chake, duara dogo la mbao, upande mmoja kijani na wa pili mwekundu. Kibao kikiwa kijani, mpitisha nyama haruhusiwi kukuruka hata kama mmegombana. Kikiwa chekundu, haruhusiwi kusimama hata kama wewe ndiye mama yake mzazi. Ndiyo sheria ya mahali pale, na mwenye hoteli alikuwa akisimama karibu na mlango wa jikoni kuhakikisha. Fiorindo, enzi zake, aliwacheka wenye vibao. Mchomaji asiyemjua aliyeshiba kwa kumtazama machoni, alisema, na akauze viatu.

Walikaa meza ya dirishani. Bi Armelinda akakiweka kibao chake mbele ya sahani, kijani juu, akakisawazisha kwa vidole viwili.

Wa kwanza kuja alikuwa Jandir, mpitisha nyama kijana, mcheshi, chuma mkononi kimetungwa mioyo ya kuku.

"Mabibi warembo, niwape moyo?"

"Wako au wa kuku?" akauliza Zenaide.

"Wangu mke wangu alishautafuna, bibi. Hii ndiyo iliyobaki."

"Basi lete ya kuku, haina madeni."

Ikaja nundu, ikaja ya nyonga yenye ukanda wa mafuta, zikaja soseji. Kibao cha Bi Armelinda kilikuwa kijani, kwa hiyo kila chuma kilisimama kwake, na kila chuma kiliacha kitu. Hakula. Alilowesha kipande cha ugali wa kukaanga kwenye supu, akakimeza kwa shida, akafumba macho mpaka kikapita. Nyama ikapanda kwenye sahani yake kama kichuguu. Zenaide akawa anamwibia.

"Hawa watatuomba tusirudi tena," Zenaide akasema mdomo umejaa.

"Kula polepole, shoga," akasema Noeli. "Leo kaburi la kuzika watu wawili hatuna."

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka akatoka yeye, na ubavu.

Zenaide hakuwa amesema uongo. Tumbo, ndevu, mvi mbili tatu. Lakini alibeba ule ubavu mzito begani upande wa kushoto, kichwa amekiinamisha kidogo kuukwepa moshi ambao haukuwepo, kama baba yake alivyofanya miaka yote. 

Odacir alimwona. Alisimama nusu hatua, kisha akashika upande wa pili wa ukumbi. Akakata meza ya kwanza, akakata ya pili, akicheka na watu, mgongo ameupa meza ya dirishani. Bi Armelinda akaulaza mkono kando ya kibao. Angeweza kuita. Sauti iliyokuwa imebaki ingetosha kufika pale. Lakini kumwita mtu mzima mbele ya bonde zima, na kama asipogeuka? Akangoja. Kibao kilikuwa kijani, na mwenye hoteli alikuwa amesimama pale mlangoni.

Meza ya jirani kulikuwa na mtoto anayesherehekea kuzaliwa. Wakaanza kumwimbia na kumpigia makofi, ukumbi mzima ukaitikia, na katikati ya kelele zile Bi Armelinda akaona viatu vyeusi vimesimama kando ya kiti chake.

"Ubavu?" akauliza Odacir. Hakuongeza mama, hakuongeza bibi.

Akainua uso. Neno lilikuwa tayari, limekaa ulimini. Akaona kovu kidevuni mwa mwanawe, lile la kuangukia jembe akiwa mdogo, ndevu hazikuota juu yake.

"Umeiva?" ndilo lililotoka. La mteja yeyote.

"Umeiva."

Akakata kipande cha katikati, laini, akakilaza juu ya kile kichuguu. Hakuondoka mara moja. Alifuta kisu kwenye kitambaa, upande huu, upande huu, macho kwenye kisu.

"Ncha bado," akasema. "Nimeiacha motoni ikauke. Mzunguko ujao nitarudi nayo."

 Mtu hakumbuki ncha kwa miaka yote hiyo kama amemsahau mwenye kuila.

"Sina haraka," akasema.

Odacir akamtazama, kwa mara ya kwanza akamtazama machoni. Watu wa meza ya mtoto wakawa wanamwita, ubavu, ubavu! Akatikisa kichwa kidogo kukubali, akaenda.

Noeli, aliyekuwa akimpigia makofi mtoto wa watu, hakusikia hata neno. "Kijana mzuri," akasema. "Ana mikono ya heshima." Zenaide akamkanyaga chini ya meza, Noeli akaomba radhi akidhani ni yeye aliyekanyaga.

Bi Armelinda alikuwa bado anamfuata mwanawe kwa macho. Alikuwa akilipanga tena neno lake. Safari hii asingeuliza kama umeiva. Angemshika mkono wa shati kwanza, ili asiende, kisha aseme. Akawaza hivyo, na furaha ikamjia kwa nguvu kuliko koo lilivyoweza kubeba. Akakohoa. Akakohoa tena, kitambaa mdomoni, na alipokitazama kitambaa akakikunja haraka.

"Nakwenda kunawa," akanong'ona.

"Nikusindikize?" akauliza Zenaide.

"Mimi si bibi harusi. Kaa."

Akaenda. Zenaide, kwa kuwa amekatazwa, akainuka kwenda kujichukulia saladi. Noeli akabaki peke yake mezani na yale macho yake ya ukungu. Akaja mtu na kondoo, akaweka kwenye sahani ya Bi Armelinda. Akaja mwingine na kuku, akaweka. Noeli akaiona ile nyama inavyopanda, inapoa, mafuta yanaganda meupe, mbele ya kiti cha mtu asiyeweza kumeza. Akamwonea huruma shoga yake. Huyu mwanamke anaona haya kukataa, aliwaza, anakufa na heshima yake. Akanyoosha mkono wake mnene, akakigeuza kibao. Nyekundu juu. Akaridhika kama mtu aliyemfunika mgonjwa shuka.

Odacir alitoka jikoni na ubavu wa pili. Alikuja moja kwa moja meza ya dirishani. Safari hii hakuzunguka. Ncha ilikuwa kwenye ubapa wa kisu, imekauka rangi ya asali, anaibeba mbele yake. Hatua chache kabla ya meza akasimama. Akakiangalia kiti kitupu. Akakiangalia kibao.

Noeli aliona kivuli cha mtu na nyama. "Tumeshatosheka, mwanangu," akakiambia kwa upole. "Asante."

Odacir akainamisha kichwa, akapita.

Bi Armelinda alirudi uso umelowa maji, nywele amezichana kwa vidole, mgongo umenyooka. Aliuona wekundu kabla hajafika kwenye kiti. Akasimama ameshika mgongo wa kiti.

"Nani kageuza?"

"Mimi, shoga," Noeli akasema akitabasamu. "Nilikuonea huruma. Wanakuja tu, wanakuja tu, na wewe hata hukuwepo."

"Amepita?"

"Nani?"

"Mwenye ubavu."

"Amepita. Nimemwambia asante."

Zenaide alikuwa amefika na sahani ya saladi. Akaielewa meza yote kwa mara moja, akaiweka sahani chini polepole. "Noeli," akasema, "Noeli, wewe mama, yule ni Odacir."

Bi Armelinda hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu kwa Noeli, ambaye alibaki mdomo wazi, mikono juu ya meza. Bi Armelinda alikaa, akakigeuza kibao kijani, akakisawazisha kwa vidole viwili. Akangoja.

Zikapita soseji, akasema hapana. Ikapita nundu. Watoto walianza kulala mabegani mwa baba zao, wafagiaji wakaanza kwenye kona za mbali. Ubavu haukutoka tena. Mwisho akaja Jandir, chuma kitupu mkononi, anakusanya.

"Yule wa ubavu yuko wapi?" Bi Armelinda akauliza.

"Odacir? Ametoka, bibi. Kavua aproni kaondoka na pikipiki kabla ya wakati, hata mwenye hoteli amekasirika." Jandir akashusha sauti. "Tena alikuwa na ncha safi kabisa, kaiweka kando moto mzima, haigusi mtu. Mara karudi nayo jikoni, kanipa mimi. Nikamwuliza ya nani hii? Kasema, ya mtu aliyeshiba."

"Ukaifanyaje?"

"Nimeila, bibi." Kijana akaona haya bila kujua kwa nini. "Ilikuwa tamu, siwezi kukuficha."

Garini Noeli alilia njia nzima. Zenaide alitaka kugeuza usukani. "Najua anapokaa. Nyuma ya kiwanda cha viatu. Twende sasa hivi, umwambie, tumalize."

"Twende nyumbani."

"Armelinda! Jumatano hiyo!"

"Nimekwenda mpaka kwenye meza yake," alisema Bi Armelinda. Sauti ilikuwa kama mchanga unaomwagwa. "Nimevaa nimekaa mbele za watu wote. Aliona kibao, hakuniona mimi? Hata kuuliza, mama umekataa, mdomo hana? Mlango wake siugongi. Na atakayekwenda kumwambia chochote, urafiki wetu umekwisha, nakuapieni."

Jumatatu alikaa dirishani. Jumanne alikaa dirishani, na jioni akaenda mlangoni, akavuta pumzi, akataka kuita kama zamani, kuita tu, bonde lisikie. Akafikiria majirani. Akarudi ndani akafunga begi la hospitali.

Jumatano wakaitoa sauti.

Alirudi nyumbani na tundu shingoni, limefunikwa kitambaa ambacho Zenaide alikishona pindo. Alijifunza kupumua upya, kumeza upya. Alipiga meza alipotaka kitu. Paka alimkimbia, kwa kuwa alizoea kufukuzwa kwa kelele na sasa hakujua anachotakiwa. Kanisani wimbo ulichelewa kuanza, watu wakatazamana.

Noeli alivumilia kadiri alivyoweza, na Noeli hakuwahi kuweza sana. Akapanda basi na macho yake ya ukungu, akaingia hoteli ile kwa mlango wa jikoni, akasimama mbele ya makaa akilia mpaka wachomaji wakamletea kiti. Urafiki ukafe, alimwambia Odacir, lakini mkono uliogeuza kile kibao ni huu.

Jumatatu, siku ambayo hoteli hufungwa, pikipiki ilipanda mlima na haikupita.

Odacir aliingia akiinama mlangoni, ingawa mlango haukuwa mfupi. Akakaa kwenye kiti cha karibu, kisha akatambua kuwa ni cha baba yake, akahamia kingine. Bi Armelinda akajaza kibuyu akampa. Akanywa, akarudisha. Akamjazia.

"Bi Noeli amekuja," akasema hatimaye. "Anasema ni yeye."

Bi Armelinda akakubali kwa kichwa.

"Mimi nilisema ni wewe. Nilisimama pale na ncha mkononi nikasema, haya, kama alivyonifungia kaburi la baba kabla sijafika, hii nayo amenifungia." Akauzungusha mrija kidogo. "Mwaka mzima niko hapo chini, mama. Madirisha wazi. Wewe ukiita, mtu anakusikia mpaka mtoni. Nilikuwa nasikiliza. Nikasema siku atakapoita nitapanda."

Hapo Bi Armelinda akamshika mkono wa shati, kama alivyopanga. Akafungua mdomo. Odacir, mwanangu, ilikuwa nikungoje. Alilisema lote, kwa midomo, kwa ulimi, kila neno mahali pake, na pumzi yote ikatokea shingoni, chini ya kitambaa chenye pindo. Akalirudia. Kitambaa kikapepea.

Odacir alikuwa akimtazama usoni kwa bidii, kama mtu aliyepewa barua na yeye hajui kusoma. "Usijisumbue, mama," akasema. "Unaumwa? Nikuletee maji?"

Akalirudia mara nyingine. Kisha akaona jinsi anavyomtesa. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo, maji.

Odacir akainuka upesi, amefarijika kupata la kufanya. Vikombe vilikuwa palepale vilipokuwa utotoni mwake. Akaleta maji, na mama yake akayanywa polepole mpaka yakaisha, ingawa hakuwa na kiu.

Walikaa. Kibuyu kilikwenda na kurudi, hakuna aliyesema kitu, mmoja kwa sababu hawezi. Jua lilipoanza kuiacha mizabibu, Odacir aliangalia nje, akainuka, akavaa koti. Akamrudishia kibuyu. Akasimama nacho kidogo kabla ya kukiachia, kama mwenye neno, na neno halikuja. Akatoka. Pikipiki ikateremka.

Hakusema asante.

Bi Armelinda aliisikiliza pikipiki ile mpaka ikanyamaza huko chini. Kisha akachukua birika, akakijaza kibuyu tena mpaka juu, akakiweka upande wa meza aliokuwa amekaa mwanawe, mrija ukielekea kwenye kiti. Akakaa kukitazama mpaka mvuke ukaisha.